Kuiga Ukungu wa Waterbury

Kopo la Heady Topper limeandikwa agizo ambalo mgeni hulidhania mzaha: unywe humo humo koponi, usimimine kwenye glasi. Walioliandika hawatanii. Hii ni bia ya asilimia 8 ya kilevi, inauzwa katika makopo ya mililita 473, na imesheheni hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ambayo mafuta yake huanza kuruka mara tu yanapokutana na hewa. Wenyeji wana sababu ya pili, nao huisema wakicheka: ukiimimina, utaiona. Ni ya njano iliyopauka, imejaa ukungu, mwanga haupiti, na mwishoni mwa kopo kuna masimbi ya hamira. Mtu aliyezoea bia ya chupa iliyochujwa ikang'aa atasema hii imeharibika.

Mimi nilipoiona sikushtuka. Nimekulia Marangu, kwa mama aliyetusomesha kwa kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na sijapata kumsikia mnywaji yeyote kule akilalamika kwamba haoni chini ya kata. Siku hizi naishi Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na nikiwa mapumzikoni napika bia katika chumba cha chini cha nyumba tunayopanga. Wapishi wa bia wa majumbani wa huku wana mchezo wanaouheshimu sana: unachagua bia moja ya kiwandani unayoipenda, kisha unajaribu kuipika upya kwa sufuria na ndoo zako mpaka rafiki yako ashindwe kujua ipi ni ipi. Mimi nimechagua hii ya ukungu. Najua wasomaji wengi wa gazeti hili hawanywi, wengine kwa dini, wengine kwa uamuzi wao. Wanivumilie. Habari yenyewe ni ya upishi, na sehemu kubwa ya upishi huu ni kuosha vyombo.

Habari ya bia hii inaanzia kwa mtu ambaye hakuipika. Greg Noonan aliandika kitabu cha kupika bia za lager mwaka 1986, akapambana mpaka sheria ya jimbo ikaruhusu baa ipike bia yake na kuiuza papo hapo, na mwaka 1988 akafungua Vermont Pub & Brewery hapa hapa Burlington. Kijana mmoja aliyefunzwa kazi pale ni John Kimmich. Kwa Noonan alipata ufundi, na alipata pia mbegu ya hamira yenye asili ya Uingereza, ambayo wapishi wameipa jina la utani la Conan. Mwaka 2003 Kimmich na mkewe Jen walifungua baa yao, The Alchemist, katika mji mdogo wa Waterbury kando ya Mto Winooski. Mwaka uliofuata wakaanza kumimina Heady Topper. Kwa miaka mingi haikupatikana popote ila pale kaunta, na inasimuliwa kwamba baadhi ya wateja walikuwa wakiingia na glasi chooni, wanaihamishia bia kwenye chupa walizoficha, wanatoka nayo.

Tarehe 28 Agosti 2011 masalia ya kimbunga Irene yalipita Vermont. Winooski ilifurika, maji yakajaa chumba cha chini cha baa, na mitambo ya kupikia ilikuwa humo humo. Baa ikafa siku hiyo. Lakini wenye mali walikuwa wamekwisha kujenga kiwanda kidogo cha makopo upande mwingine wa mji, na siku chache baada ya mafuriko makopo ya kwanza yakaanza kutoka. Kopo linasafiri, glasi ya kaunta haisafiri. Magari yakaanza kuja kutoka majimbo ya mbali, foleni zikazidi, majirani wakachoka, na mwishoni mwa mwaka 2013 duka la kiwandani likafungwa kwa sababu ya msongamano barabarani. Kiwanda kikubwa zaidi kilifunguliwa Stowe mwaka 2016. Kufikia hapo viwanda vingi, hasa vya Massachusetts jirani yetu, vilikuwa vinapika bia za ukungu za namna yao, na mwaka 2018 chama cha wapishi wa bia cha Marekani kikazipa bia hizo kundi lake rasmi katika mwongozo wa mashindano.

Kutoka kwangu hadi Stowe ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Kwa nini basi nisiende kununua? Naenda, na nanunua. Nikipika ndipo ninapoijua. Sheria nayo haina tatizo. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, watu waliruhusiwa kutengeneza mvinyo nyumbani, bia ikasahauliwa. Ilibidi ingoje mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyoifuta kasoro hiyo. Nyumba yenye watu wazima wawili yaweza kupika galoni 200 kwa mwaka, yaani lita 757 hivi, bila kulipa kodi, mradi isiuze. Hilo la kutouza nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: “Yaani mwanangu, ununue kimea, uchome gesi, ukeshe, halafu usiuze hata kata moja? Sasa hiyo ni kazi gani?”

Tuanze na ukungu wenyewe, maana ndio unaopotosha watu. Wengi hudhani bia ya ukungu ni bia ambayo mpishi aliona uvivu kuichuja, na kwamba kinachoonekana ni hamira inayoelea. Hamira ikipata siku chache za baridi huzama chini yenyewe. Ukungu unaobaki ni protini za nafaka zilizoshikana na polifenoli, yaani zile kemikali za mimea zinazoacha ukakasi mdomoni. Polifenoli hizo nyingi zinatoka kwenye hopsi. Zikishikana na protini hufanya vichembe vidogo mno, visivyo na uzito wa kuzama, vikabaki vinaelea na kutawanya mwanga. Ndiyo maana mpishi anayetia hopsi nyingi baada ya kupika hupata ukungu hata kama hakukusudia. Wapishi wa Massachusetts huongeza oti na ngano ili protini ziwe nyingi na bia iwe laini ulimini. Wanaoiga Heady Topper wengi wetu hatutii oti wala ngano. Tunatumia kimea cha shayiri cha Kiingereza, aina ya Pearl, na ukungu unakuja wenyewe.

Mbege nayo ina ukungu, ila wake ni wa namna nyingine: pale unakunywa unga wa ulezi na nyuzinyuzi za ndizi kabisa. Wasioijua niwaambie kwa kifupi. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ili utamu usizidi, hutiwa magome ya msesewe, machungu kweli kweli. Nilipoanza kupika huku sikuhitaji mtu kunieleza kazi ya hopsi, nilikwisha kuiona kwenye magome. Tofauti ni kwamba msesewe hutoa uchungu tu, hopsi hutoa uchungu na harufu, na ukitaka kimoja unahatarisha kingine. Mama aliwahi kunishauri niujaribu msesewe kwenye bia. Kama muuguzi nilikataa: mti huo uko katika jamii moja na mmea ambao ndani yake ilipatikana dawa ya kushusha presha, nami sina mizani ya kupima kiasi kama aliyo nayo yeye kichwani.

Kimea hakinipi taabu, nitakipita haraka. Kwa lita 19 za bia natumia kilo 6 na nusu hivi, kilichosagwa kwa kupasuliwa tu, kisiwe unga. Nakiloweka saa moja katika maji ya nyuzi 67, na vimeng'enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari. Joto likipungua unapata sukari nyepesi ambayo hamira huila yote, bia ikatoka kavu. Likizidi inabaki sukari nzito isiyolika, bia ikawa na mwili. Kisha nakamua togwa, yaani yale maji matamu ya kimea, naiweka jikoni ichemke saa moja, na karibu na mwisho natia karibu nusu kilo ya sukari. Msomaji asishangae sukari. Bia ya asilimia 8 iliyopikwa kwa kimea kitupu hunata mdomoni, na sukari huliwa yote na hamira, ikaacha kilevi bila uzito. Haidromita, chombo cha kupimia uzito wa togwa, ikisoma 1.074 mwanzoni na 1.013 mwishoni, hesabu inatoa asilimia 8.

Maji yanataka uangalifu zaidi, na hapa ndipo wanaoanza hukosea kwa kutojali. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea huleta harufu ya dawa ya hospitali, harufu ambayo mimi naipata ya kutosha kazini. Kidonge kidogo cha metabisulfiti huiondoa mara moja. Baada ya hapo napima chumvi mbili, jasi inayoleta salfeti na kalsiamu kloridi inayoleta kloridi. Salfeti huchonga uchungu ukasikika mkali na mkavu. Kloridi huviringisha, bia ikawa nono. Kwa bia nyingi za ukungu watu hutia kloridi mara mbili ya salfeti. Heady Topper ni chungu kuliko hizo, mtu asidanganywe na ukungu wake, kwa hiyo mimi naziweka sawa, miligramu 120 hivi za kila moja kwa lita. Gramu tatu au nne za unga mweupe katika ndoo nzima, na bia inabadilika. Mtu asiyeamini atie jasi kidogo kwenye glasi ya bia iliyokwisha kuiva, aonje.

Sasa hamira. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayofanya bia hii iweze kuigwa na mtu wa kawaida. Kopo la Heady Topper halipikwi kwa moto kuua vijidudu wala halichujwi, hivyo hamira yenyewe ya kiwandani imelala humo chini, hai. Siku hizi maabara kadhaa huuza uzao wa Conan kwenye pakiti, na mwenye haraka anunue. Mimi huvuna.

Natafuta kopo changa kadiri inavyowezekana, kwa tarehe iliyopigwa juu yake, na naliweka wima kwenye friji siku kadhaa ili masimbi yatue. Mtungi mdogo wa kioo nimekwisha kuuchemsha, na ndani yake kuna togwa nyepesi, ya 1.020 tu, iliyochemshwa na kupoa. Hamira iliyokaa ndani ya kilevi cha asilimia 8 imechoka, na ukiitupa kwenye togwa nzito unaimalizia. Napangusa mdomo wa kopo kwa spiriti, nalifungua, namimina bia polepole bila kulitikisa mpaka ibaki kama vidole viwili. Bia iliyotoka ni ujira wa mfanyakazi. Iliyobaki nazungusha mpaka masimbi yainuke, nawasha kiberiti nipitishe moto kwenye mdomo wa mtungi, namimina, nafunika kwa karatasi ya alumini. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili unaanza kuona utepe mweupe mwembamba ukijikusanya chini, na ukiutikisa mtungi, povu linapanda. Nanusa. Ikitoka harufu ya siki au ya soksi, natupa bila kujiuliza. Ikitoka harufu ya fyulisi lililoiva, ndiyo yenyewe. Naihamishia kwenye togwa ya nusu lita, kisha lita moja na nusu, kila mara nzito kidogo zaidi, kwa sababu bia ya lita 19 yenye nguvu hii inahitaji seli bilioni 250 hivi. Sizihesabu. Natazama unene wa tope jeupe chini ya mtungi, nazoea.

Conan ni mvivu kwenye pishi la kwanza, wapishi wengi wamelisema hilo nami naafiki. Mara nyingi huacha sukari fulani bila kuimaliza. Ukiikusanya chini ya pipa la kuchachushia na kuitumia tena pishi la pili na la tatu, inaamka. Kwa hiyo pishi la kwanza napika bia nyepesi isiyo na makuu, ya kuilisha hamira tu, halafu ndipo naijia hii kubwa. Joto la kuchachushia naanza na nyuzi 18, naliacha lipande polepole hadi 20. Chumba chetu cha chini wakati wa baridi hukaa karibu na hapo bila msaada.

Nikija kwenye hopsi, hapa ndipo mabishano yalipo. Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, na kwa Marekani sehemu kubwa hulimwa bonde la Yakima, jimbo la Washington. Ukilipasua ua lake unakuta vumbi la njano lenye kunata, na humo ndimo mna asidi za uchungu na mafuta ya harufu. Asidi haziwi chungu sawasawa mpaka zichemke, ikiwezekana saa nzima. Mafuta nayo yakichemka saa nzima yametoka dirishani na mvuke. Bia za zamani zililitatua jambo hili kwa kutia hopsi kiasi mwanzo na kiasi mwisho. Bia ya ukungu imeenda mbali zaidi: uchungu kidogo wakati wa kuchemsha, fungu kubwa baada ya moto kuzimwa na togwa kushuka chini ya nyuzi 80, na fungu kubwa kuliko yote ndani ya pipa, kwenye ubaridi. Lager ya kawaida ya lita 19 hutosheka na gramu 30 au 40 za hopsi kwa jumla. Mimi kwenye pipa peke yake natia zaidi ya gramu 200, na hizo ndizo zinazonimaliza mfuko. Za kuchemsha natumia zaidi rojo ya hopsi iliyokamuliwa kiwandani, inayotoka kwenye bomba la sindano, kwa sababu majani mengi kwenye sufuria hunywa bia yako yakakurudishia ladha ya mboga.

Ni hopsi zipi? Karibu kila pishi la kuiga bia hii huanza na Simcoe, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2000, yenye harufu ya utomvu wa msonobari na tunda lililoiva pamoja. Wanaongeza Columbus kwa ukali, Centennial kwa maua na limau, Amarillo kwa chungwa, Apollo kwa nguvu. Watu wazima wanagombana kama aina ya sita ipo au haipo. Mimi naona ugomvi huo ni wa bure. Viwanda vikubwa hutuma watu Yakima wakati wa mavuno, wakasugua maua viganjani, wakanusa, wakachagua shamba hili na si lile. Simcoe ya shamba moja iliyovunwa mapema hunukia limau, na iliyochelewa shambani huweza kunukia kitunguu saumu. Sisi wa majumbani tunanunua iliyobaki, ndani ya pakiti, yenye jina lile lile. Mtu akiniambia gramu 28 za hii na 14 za ile, naandika, lakini kabla ya kupima nafungua pakiti nanusa. Yenye kitunguu inaenda kwenye kuchemshwa, yenye tunda inaenda kwenye pipa, iwe imeandikwaje.

Kuna jambo jingine la hopsi ambalo halisemwi kwa wageni mpaka limewatokea. Hopsi mbichi zina vimeng'enya vyake, na ukizitia kwenye bia iliyokwisha kuchachuka huanza kukatakata ile sukari nzito iliyobaki. Hamira ikaamka, ikala, gesi ikaongezeka. Aliyekwisha kufunga bia kwenye chupa za kioo wakati huo ametega mabomu kabatini. Na hamira inapoamka hivyo hutoa kemikali inayonukia siagi, ambayo inataka siku kadhaa za joto ili iifyonze tena yenyewe. Mimi napima kwa haidromita baada ya kutia hopsi, si kabla tu, na sihamishi mpaka namba isimame.

Lakini hata ukipata hamira yenyewe, maji yenyewe na Simcoe ya shamba zuri, bia yako haitafanana na ya kopo usipozuia hewa. Hili ndilo ninalobishana nalo na wenzangu kila tunapokutana. Wanatafuta pishi la siri, na siri iko kwenye mfuniko. Zile polifenoli na mafuta yanayoipa bia hii ukungu na harufu ni yale yale yanayoharibiwa na oksijeni upesi kuliko chochote. Bia isiyo na hopsi nyingi ikipata hewa kidogo huzeeka kwa miezi. Hii huzeeka kwa siku. Kwanza harufu ya embe na fyulisi hunyamaza, kisha njano inakuwa kijivu, kisha kahawia yenye zambarau, na mdomoni unabaki utamu wa karatasi iliyolowa. Nimepewa bia za namna hiyo na wapishi hodari, wakanieleza kwa kirefu jinsi walivyobadilisha hopsi. Hopsi hazikuwa na kosa. Walifungua ndoo kuchungulia, wakamimina bia kwa mpira ikaanguka ikibubujika.

Viwandani wana mashine za kupima oksijeni iliyomo ndani ya bia kwa sehemu za bilioni. Mimi nina gesi ya kaboni na subira. Kegi zangu ni zile ndefu za chuma cha pua zilizokuwa zikibeba sharubati ya soda mikahawani kabla ya kampuni za soda kuhamia kwenye mifuko. Naijaza kegi maji ya dawa ya kuulia vijidudu mpaka juu kabisa, mpaka yamwagike. Nafunga. Naunganisha gesi upande mmoja na kuyasukuma maji yote yatoke upande wa pili. Maji yalipokuwa sasa pana gesi tupu, hewa haikupata nafasi ya kuingia. Kisha mpira kutoka kwenye bomba la pipa hadi kwenye kegi, na mpira mwingine kutoka juu ya kegi kurudi juu ya pipa, bia inashuka kwa uzito wake na gesi inapanda kuchukua nafasi yake. Hakuna kinachofunguliwa. Mtoto wangu husema ni kazi ya kuchosha kutazama, na kweli: saa nzima hakuna kinachotokea ila mpira kubadilika rangi.

Hopsi za kwenye pipa nazitia wakati hamira bado inafanya kazi kidogo, haidromita ikiwa imebakiza pointi chache. Mfuniko ukifunguliwa kwa sekunde hizo, hamira iliyo hai huifyonza oksijeni iliyoingia kabla haijaleta madhara. Wapo wanaosema pia kwamba hamira hugeuza baadhi ya mafuta ya hopsi kuwa harufu mpya, na kemia hiyo ipo: jeraniyoli yenye harufu ya waridi hugeuzwa kuwa sitroneloli inayoelekea limau. Ila wanaoitia chumvi ni wengi. Ningekuwa nafanya hivyo hata kama isingegeuza kitu.

Basi utajuaje umefika? Rafiki akinywa akasema “tamu, ni yenyewe kabisa”, hiyo ni adabu, si kipimo. Kipimo ni vikombe vitatu. Viwili vina bia moja, kimoja kina nyingine, mnywaji haambiwi, anaulizwa tu kipi ni tofauti. Vikombe viwe vya rangi, vya kahawa vinafaa, maana jicho litaiba jibu. Mtu anayebahatisha hupata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo ukiwa na waonjaji tisa na watatu wakapatia, hujui kama wametofautisha au wamebahatisha. Sita au zaidi wakipatia, bia yako bado.

Yangu bado. Mwezi uliopita niliwaweka mezani wenzangu wa zamu, shemeji yangu na mzee jirani, seremala mstaafu aliyenifundisha kutumia kegi, na zaidi ya nusu walikitambua kikombe cha peke yake. Nilipowauliza kwa nini, hakuna aliyetaja harufu. Harufu ilipita. Walichokitambua ni uchungu: wa kopo ulikaa nyuma ya ulimi na kukauka, wangu uliyeyuka mapema. Shemeji alisema wangu ndio aliupenda zaidi. Sikumhesabia, alikuwa mgeni wangu.

Kwa hiyo tatizo halipo kwenye Simcoe. Lipo kwenye maji, na pengine kwenye rojo ya kuchemshia. Pishi linalochachuka sasa lina salfeti miligramu 160 na kloridi imebaki ilipokuwa, na nimeongeza rojo mililita mbili mwanzoni mwa kuchemsha. Kingine chote sijakigusa, kwani ukibadilisha vitu viwili vitatu kwa pamoja hujui kipi kimekujibu, na hapa tayari nimebadilisha viwili, jambo ambalo mzee jirani amekwisha kunisema. Kegi itaunganishwa gesi wiki hii. Vikombe vya kahawa vimeoshwa, na safari hii shemeji ataonja bila kuambiwa kwamba mojawapo ni yangu.